Zamu mia za kwanza: kwa nini mpigaji hodari wa ligi ndogo hukwama akifika ligi kuu

Tarehe 10 Aprili 2024 klabu ya besiboli ya Baltimore Orioles ilimwingiza uwanjani Jackson Holliday, kijana wa miaka 20. Mwaka 2022 alikuwa wa kwanza kuitwa katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa Marekani. Mwaka 2023, ndani ya msimu mmoja, alipita madaraja yote manne ya ligi ndogo akiwa na wastani wa kupiga wa 0.323. Watu walimngoja kwa hamu. Katika mechi zake kumi za kwanza za ligi kuu alipata mapigo salama mawili katika zamu 34, na zamu 18 kati ya hizo ziliishia kwa straiki tatu. Aprili haikwisha kabla hajarudishwa Norfolk, kwenye timu ya chini ya klabu yake.

Haiwezekani kwamba kijana huyo alisahau kupiga mpira ndani ya wiki mbili. Wala kisa chake si cha pekee, maana orodha ya waliojikwaa kwa namna hiyo imejaa majina ambayo baadaye yalitukuka. Maelezo yanayokuja upesi mdomoni ni kwamba kijana aliingiwa na hofu mbele ya umati. Tuyaweke kando kwa muda, tuutazame kwanza mfumo wenyewe unavyofanya kazi.

Tuanze na istilahi. Mrushaji husimama kwenye tuta dogo la udongo, mita 18.44 kutoka kwenye kituo cha mpigaji, na kurusha mpira kuelekea kwa mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji huyo. Straiki ni mpira uliopita ndani ya eneo lililowekwa, takribani kutoka magotini hadi kifuani na kwa upana wa kituo, bila mpigaji kuujibu; au mpira ambao mpigaji ameurushia gongo akaukosa. Straiki tatu humtoa. Mipira minne iliyopita nje ya eneo hilo bila yeye kuirushia gongo humpa haki ya kwenda kituo cha kwanza bure. Pigo salama ni lile linalomfikisha kituoni kwa nguvu ya gongo lake, na wastani wa kupiga ni mapigo salama yakigawanywa kwa idadi ya zamu. Mwenye wastani wa 0.300 huhesabiwa kuwa mpigaji mzuri sana, ingawa hushindwa mara saba katika kila kumi.

Ligi kuu ina klabu 30, na kila klabu huwa na wachezaji 26 walio tayari kwa mechi, yaani wachezaji 780 kwa jumla katika sehemu kubwa ya msimu. Chini yake ziko ligi ndogo. Tangu zilipopangwa upya mwaka 2021 zina timu 120, nne kwa kila klabu, katika madaraja yanayoitwa, kutoka chini kwenda juu, Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Msomaji aliyezoea soka la kwetu aangalie tofauti moja kubwa. Huku timu ndiyo inayopanda au kushuka daraja. Kule timu ya Triple-A hata ikitwaa ubingwa miaka mitano mfululizo itabaki Triple-A, na anayepanda ni mchezaji mmoja mmoja, kwa amri ya klabu mama.

Mpangilio huu ulijengwa na Branch Rickey akiwa na St. Louis Cardinals katika miaka ya 1920. Klabu yake haikuwa na fedha za kushindana na matajiri katika kununua wachezaji waliokwisha kuiva, kwa hiyo ikaona nafuu kuwalea wake katika timu ndogo ilizozimiliki. Klabu nyingine zikafuata. Matokeo yake ni kwamba ligi ndogo hazipo hasa kwa ajili ya kushinda mechi. Zipo kwa ajili ya kulea. Mengi yanayomkuta mchezaji akipanda yanatokana na hilo.

Fikiria mrushaji wa Double-A mwenye mpira wa kasi sana lakini asiyejua bado kurusha mpira wa kudanganya, ule unaotoka mkononi kama wa kasi kisha ukafika umechelewa. Kocha wake anaweza kumwagiza aurushe mpira huo mara nyingi usiku huo, matokeo yawe yoyote. Atapigwa, na hakuna atakayemgombeza, kwa sababu amepelekwa pale kujifunza. Kwa mpigaji aliye mbele yake, mapigo aliyoyapata usiku ule yataandikwa kwenye takwimu zake sawasawa na mengine yote. Ligi kuu hakuna mrushaji anayefanyia mazoezi silaha yake dhaifu wakati mechi imefungana. Hurusha kile anachoamini kitamtoa mpigaji yule, kwa wakati ule.

Jambo la pili linahusu nani anabaki chini. Mtu anaweza kudhani kwamba Triple-A ni ligi kuu iliyopunguzwa kidogo ubora kila mahali. Sivyo. Mrushaji anayewashinda wapigaji wote wa daraja lake hakai humo. Baada ya majuma machache huondolewa kwenda juu, na wengine bora zaidi huruka kutoka Double-A hadi ligi kuu bila kupitia Triple-A kwa muda wa maana. Wanaobaki ni wakongwe waliowahi kuonja ligi kuu wakashindwa kudumu, vijana ambao kitu kimoja bado hakijakaa sawa, na waliowekwa kujaza nafasi. Kwa hiyo mpigaji aliyetawala Triple-A kwa miezi mitatu ametawala kundi ambalo vichwa vyake hukatwa kila mara. Siku anayopanda ndiyo siku anayokutana, kwa mkupuo, na wote waliokwisha kuondolewa mbele yake.

Kasi nayo ina sehemu yake, ingawa nadhani hupewa lawama kupita kiasi. Wastani wa kasi wa mpira wa moja kwa moja katika ligi kuu siku hizi ni kama kilomita 151 kwa saa. Mpira wa kilomita 153 kwa saa humfikia mpigaji baada ya takribani sekunde 0.4. Ukipunguza kasi hadi kilomita 145, mpigaji anaongezewa kama sehemu mbili za mia za sekunde. Ni kidogo mno, lakini mzunguko wa gongo wenyewe huchukua kama sekunde 0.15, na muda unaosalia ndio wa kuona, kutambua na kuamua. Hata hivyo, Triple-A wapo warushaji wengi wenye kasi hiyo. Wanachokosa wengi wao ni uwezo wa kuupeleka mpira huo pale wanapotaka, na kuwa na mpira wa pili na wa tatu unaotoka mkononi ukifanana na ule wa kwanza. Mpigaji wa daraja la chini anaweza kuingoja kasi tupu, akijua kwamba mpira wa kujipinda ukija utakuwa umekwenda nje. Ligi kuu unakuja ndani, tena katika hali ambayo chini angerushiwa mpira wa moja kwa moja bila shaka.

Kisha kuna mahali penyewe. Baadhi ya timu za Triple-A za magharibi mwa Marekani huchezea kwenye miinuko: Albuquerque iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na eneo la Salt Lake City na Reno kama mita 1,300 au zaidi. Kwenye hewa nyepesi mpira uliopigwa huenda mbali zaidi, na mpira uliorushwa hujipinda kidogo kuliko kawaida. Mpigaji anafaidika pande zote mbili. Ligi kuu kiwanja cha namna hiyo ni kimoja tu, cha Denver. Mpira wenyewe pia ulikuwa tofauti: hadi msimu wa 2018 Triple-A ilitumia aina nyingine ya mpira, na ilipoanza kutumia ule wa ligi kuu mwaka 2019 idadi ya mapigo ya kuvuka uzio iliruka juu ghafla. Uamuzi wa straiki nao ukatofautiana. Mwaka 2023 viwanja vyote vya Triple-A vilianza kuamua straiki kwa kamera na kompyuta, ama kwa kila mpira ama kwa njia ya rufaa, ilhali ligi kuu ilibaki na macho ya mwamuzi peke yake hadi mwisho wa msimu wa 2025. Mfumo wa rufaa uliidhinishwa huko kuanzia 2026. Kijana aliyezoea eneo la straiki lililopimwa kwa mashine alipanda akakuta eneo linalotegemea nani kachuchumaa nyuma yake, maana mdakaji stadi huweza kuupokea mpira wa nje kidogo kwa namna ya kumshawishi mwamuzi kwamba ulikuwa ndani.

Mpaka hapa mtu anaweza kuhitimisha kwamba takwimu za ligi ndogo ni za uongo. Huko ni kuruka hatua. Mwaka 1985 Bill James, mwandishi wa uchambuzi wa besiboli aliyejifunza kazi hiyo nje ya klabu, alionyesha kwamba ukizichukua takwimu za mpigaji wa Triple-A, ukapunguza kiasi fulani kwa sababu ya ubora wa daraja na kiasi kingine kwa sababu ya kiwanja alichochezea, unapata makadirio mazuri ya atakachokifanya ligi kuu. Takwimu hizo ni kweli. Zinachodai ni kupunguzwa kwa kanuni. Basi ikiwa mtu wa 0.323 anatarajiwa, baada ya kupunguzwa, kupiga kati ya 0.250 na 0.270, mbona katika wiki za mwanzo wengi huanguka hata chini ya hapo? Yapo mambo ambayo kanuni ile haikuyabeba.

La kwanza ni bahati, na hapa inafaa kupiga hesabu. Chukua mpigaji ambaye uwezo wake halisi, kama tungeweza kuuona moja kwa moja, ni 0.260. Katika zamu 100 tunatarajia mapigo salama 26. Lakini kila zamu ni kama kura, na kura 100 hazitoi 26 kila mara. Kwa kanuni za kawaida za uwezekano, kupata 22 au 30 ni jambo la kila siku, na kupata 18 si muujiza. Katika zamu 500 mtawanyiko huo hupungua kwa zaidi ya nusu ukiupima kwa wastani. Maana yake ni kwamba zamu mia za kwanza, ambazo ndizo magazeti huzijadili, zina kelele nyingi kuliko habari. Tuwe waangalifu lakini tusiigeuze bahati kuwa kisingizio cha kila kitu: mtu wa 0.260 angetarajiwa kupata mapigo kama tisa katika zamu 34, na kupata mawili ni mbali mno na tisa kuelezwa kwa bahati mbaya tupu.

Bahati hufanya kazi kwa njia nyingine pia, iliyofichika zaidi. Klabu humpandisha nani? Kwa kawaida humpandisha yule anayepiga vizuri wakati huo. Miongoni mwa wachezaji kumi wenye uwezo unaolingana, mwezi wowote ule wawili au watatu watakuwa juu ya uwezo wao kwa sababu mipira yao inaangukia pasipo na mtu. Hao ndio watakaoitwa. Kwa hiyo njia yenyewe ya kuchagua inahakikisha kwamba kundi linalopanda limebeba bahati njema iliyo karibu kwisha. Mwingereza Francis Galton aliieleza tabia hii mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao: wazazi warefu kupita kawaida huzaa watoto warefu, lakini kwa wastani si warefu kama wao. Wanatakwimu huita hali hiyo kurudi kwenye wastani. Hakuna aliyedhoofika, kilichoondoka ni ile sehemu ya kipimo ambayo haikuwa uwezo.

La pili ni kuchunguzwa, nami naliona kuwa ndilo zito kuliko yote. Mtu anayecheza bao kila jioni kwenye baraza la mtaani kwake hushinda sana kwa mbinu tatu alizozizoea. Akialikwa baraza jingine ambako wazee wamekaa wiki nzima wakisimuliana mbinu hizo tatu, atafungwa, na mkono wake utakuwa ule ule. Klabu ya ligi kuu ina watu walioajiriwa kwa kazi hiyo tu. Tangu 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vina mfumo wa kufuatilia kila mpira, unaoitwa Statcast, unaopima kasi, mzunguko na njia ya kila kilichorushwa na kila kilichopigwa. Kwa mpigaji mgeni huchorwa ramani ya eneo la straiki: hapa anapiga vizuri, hapa anakosa, huku anashawishika kufuata mpira wa nje. Kabla ya mechi mrushaji na mdakaji wameisoma ramani hiyo, na tangu 2022 wanaweza hata kupeana maelekezo kwa kifaa cha redio badala ya ishara za vidole.

Ligi ndogo nazo zina kamera sasa, na klabu hupekua takwimu zake. Lakini kuna tofauti kati ya kuujua udhaifu na kuweza kuushambulia. Mrushaji wa Double-A anaweza kuambiwa kwamba fulani hawezi mpira wa kasi ulio juu na ndani, karibu na mikono. Akijaribu, mara tatu kati ya tano mpira wake utaelea katikati, nao utapigwa hadi ng'ambo ya uzio. Mrushaji wa ligi kuu anaufikisha pale pale, kisha anaurudia, na anaendelea kuurudia hadi mpigaji atakapoonyesha kwamba ameziba tundu. Hapo ndipo yule aliyekuwa akiwatisha wenzake miezi miwili iliyopita anapoonekana kama hajawahi kushika gongo.

Aidha, kadiri mechi inavyosonga hali humzidia. Mrushaji aliyeanza, ambaye mpigaji amekwisha kumwona mara mbili, huondolewa, na huletwa mwingine aliyepumzika, mwenye kasi ya kilomita 158, ambaye kazi yake ni kuwatoa watu watatu tu. Chini mambo ni mapole. Tangu 2021 ratiba ya ligi ndogo kwa kawaida huzikutanisha timu mbili zile zile mechi sita, mara nyingi kuanzia Jumanne hadi Jumapili, kwa hiyo kufikia Ijumaa mpigaji amekwisha kuwaona warushaji wengi wa upande wa pili. Ligi kuu timu hukutana kwa kawaida mechi tatu au nne, kisha kila moja ikaenda zake.

Walinzi wa ligi kuu pia ni wepesi na hupangwa kwa kufuata takwimu za mpigaji, basi mipira iliyokuwa ikipenya kule chini hudakwa. Hili halihitaji maelezo marefu.

Matumizi ya mchezaji yana uzito zaidi ya hapo. Katika Triple-A kijana anayetegemewa hucheza karibu kila siku. Akipanda, mara nyingi ni kwa sababu mwenzake ameumia, na mwenzake akipona yeye hukaa benchi, akaingizwa mara moja kwa siku tatu au nne dhidi ya mrushaji ambaye hata wazoefu hawampendi. Ustadi wa kupiga ni wa muda wa chini ya nusu sekunde na hupotea upesi usipotumiwa. Sheria huiruhusu klabu kumpandisha na kumshusha mchezaji asiye na uzoefu katika misimu mitatu bila kumpoteza, na tangu 2022 kumekuwa na kikomo cha kumshusha mara tano katika msimu mmoja. Kwamba kikomo hicho kilihitajika kuwekwa kunatuonyesha jinsi watu walivyokuwa wakisafirishwa.

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliyaonja haya. Alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akapitia ligi ndogo miaka mingi, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu. Katika zamu yake ya kwanza alipata pigo salama dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs, mmoja wa warushaji wenye sifa wa wakati huo. Alikuwa amepandishwa hasa kwa umahiri wake wa kulinda, na mlinzi wa namna hiyo huitwa timu inapopungukiwa. Msimu ule alimaliza na wastani wa 0.222 katika mechi 28. Mwaka uliofuata alicheza mechi chache akiwa na Toronto Blue Jays, na baada ya hapo ligi kuu haikumwita tena. Aliyepewa nafasi chache, kwa vipande, hana muda wa kuziba tundu.

Sasa tunaweza kurudi kwenye hofu. Ipo, na ina sababu zinazohesabika. Mwaka 2023 kima cha chini cha mshahara wa Triple-A kilikuwa dola 35,800 kwa mwaka. Cha ligi kuu kilikuwa dola 720,000, tena hulipwa kwa kadiri ya siku ulizokaa juu. Mtu anajua kwamba kila zamu mbaya inamsogeza karibu na gari la kumrudisha. Mwaka 1951 Willie Mays alikuwa akipiga 0.477 katika mechi 35 za Minneapolis, wastani usioaminika hata kwa ligi ndogo, New York Giants walipomwita. Alikosa katika zamu zake 12 za kwanza, akampiga mrushaji Warren Spahn pigo la kuvuka uzio, kisha akaendelea kukosa hadi akawa na pigo moja katika zamu 26. Alilia, akamwomba kocha wake Leo Durocher amrudishe chini. Durocher akamwambia kwamba yeye ndiye mlinzi wake wa katikati na ataendelea kuwa. Msimu huo Mays alimaliza na 0.274 na mapigo 20 ya kuvuka uzio, akatangazwa mchezaji bora mpya wa ligi yake. Wengi husimulia kisa hiki kama ushahidi wa nguvu ya maneno mazuri. Mimi naona kitu kingine ndani yake: Durocher alimwandika kwenye orodha siku iliyofuata, na siku iliyofuata hiyo. Alimpa zamu.

Warushaji nao hupatwa na tatizo hilo hilo kwa upande wa pili wa shilingi. Chini, kijana mwenye kasi anaishi kwa wapigaji wanaofuata mipira ya nje. Akipanda, wapigaji huiacha ipite, hesabu inamgeukia, analazimika kurusha katikati, anapigwa. Roy Halladay wa Toronto ndiye mfano ninaoutegemea kuliko wote. Mwaka 2000 aliruhusu kwa wastani mikimbio, yaani pointi, 10.64 katika kila vipindi tisa vya mechi, ilhali mrushaji wa kawaida wa ligi yake siku hizo aliruhusu kama nusu ya hiyo. Mwaka 2001 klabu ilimteremsha, si hatua moja bali hadi Dunedin, daraja la High-A, ambako alikuwa amekwisha kupita miaka kadhaa nyuma. Kocha Mel Queen akaubadilisha mkono wake: badala ya kurusha mpira kutoka juu kabisa, akautelemsha kidogo, na mpira uliokuwa ukienda mnyoofu ukaanza kujikata pembeni. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerudi juu. Alitwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, mwaka 2003 na tena 2010, na mwaka 2019, baada ya kifo chake, akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli. Halladay hakukosa moyo mwaka 2000. Alikosa mpira unaojikata.

Je, kuna njia ya kumtambua mapema atakayeinuka na atakayebaki chini? Walinganishe Aaron Judge na Brandon Wood. Judge alipanda na New York Yankees mwezi Agosti 2016, akapiga pigo la kuvuka uzio katika zamu yake ya kwanza, kisha akamaliza mechi 27 na wastani wa 0.179, huku zamu 42 kati ya 84, nusu kamili, zikiishia kwa straiki tatu. Mwaka uliofuata alipiga mapigo 52 ya kuvuka uzio, rekodi ya mchezaji mpya kwa wakati ule. Wood alipiga mapigo 43 ya namna hiyo katika ligi ndogo mwaka 2005, akahesabiwa kuwa hazina ya klabu ya Angels, akaendelea kung'ara Salt Lake, kwenye hewa nyepesi tuliyoitaja. Katika misimu mitano ya ligi kuu, 2007 hadi 2011, wastani wake ulikuwa 0.186.

Wastani wa mwanzo wa Judge na huu wa Wood unakaribiana mno, kwa hiyo wastani hautufai. Kinachowatenganisha ni mipira waliyoiacha. Judge mwaka 2017 alitolewa kwa straiki tatu mara 208, idadi kubwa mno, lakini alikwenda kituo cha kwanza bure mara 127. Alikuwa anajua straiki ni ipi, na tatizo lake lilikuwa kuifikia. Wood alizipata njia hizo za bure kwa nadra katika maisha yake yote ya ligi kuu. Alifuata mipira ya nje, na warushaji hawakuwa na sababu ya kumrushia ya ndani. Kufikia mpira kunaweza kurekebishwa kwa miguu, mikono na mazoezi ya majira ya baridi. Kutoutambua mpira mapema ni shida ya jicho na uamuzi, na shida hiyo ndiyo madaraja ya chini huificha vizuri zaidi, kwa sababu mrushaji wa chini hana uwezo wa kuiadhibu.

Mbele ya hayo yote, uamuzi wangu ni kwamba hofu inakuja nyuma kabisa katika mlolongo wa sababu. Mchezaji aliyepanda hupimwa kwa kipimo kingine: dhidi ya watu waliokwisha kuondolewa kwenye madaraja ya chini, wasiofanya mazoezi juu yake, waliokwisha kumsoma, tena akiwa amepanda kwa bahati ambayo sehemu yake imekwisha. Kushuka kwake kunatarajiwa. Kosa hufanywa na klabu inayoupokea mshuko huo kama hukumu, ikamtupa benchi au kumsafirisha juu na chini kila wiki mbili, ikimnyima zamu ambazo pekee zingeonyesha kama tundu lake linazibika. Mike Trout wa Angels alipiga 0.220 katika mechi 40 za mwaka 2011. Mwaka 2012, klabu ile ile ilipomrudisha na kumwacha acheze, alipiga 0.326.

Nawe msomaji, ukimfuatilia kijana yeyote anayepanda, na siku hizi hata kutoka Uganda wapo waliosaini na klabu za huko, usianze na wastani wake wa kupiga. Hesabu ni mara ngapi anatolewa kwa straiki tatu, ni mipira mingapi ya nje anaiacha ipite, na je, hesabu hizo zinabadilika kati ya zamu mia za kwanza na mia za pili.